Nilisafiri kwa Namba ya Mama

Kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza maswali mawili. La kwanza, safari ilikuwaje. La pili, yeye naye ajiunge na shirika lipi la ndege apate pointi, maana mimi ndiye mtaalamu. Hili la pili linaniuma kuliko mnavyodhani. Basi leo nimekaa hapa nyumbani Ufukoni, Mtwara, simu nimezima, nawaandikia wote mara moja ili msinishike mkono tena barabarani. Mambo ya viza na vyumba siandiki, kila mtu ana malalamiko yake kuhusu hayo. Naandika yaliyotokea njiani. Mwoga asome mchana.

Kwa asiyenijua, mimi naitwa Asha, kazi yangu ni kupasua korosho ghalani na kupima ubora wake. Kila baada ya miaka miwili mitatu hunipeleka nje ya nchi kwenda kubishana na wanunuzi. Mtu wa safari za nadra kama mimi akianza kuchagua kadi ya pointi anaweza kupoteza akili. Nililinganisha mashirika matatu. La kwanza pointi zake zinafutwa usiposafiri muda mrefu, na mimi nasafiri kwa kudra. La pili lilitaka uruke kila mwezi ndipo wakuhesabu kuwa mtu. La tatu lilikuwa na akaunti ya familia: mnajiunga wawili watatu, pointi zinaingia mahali pamoja, na hazifutwi maadamu mmoja wenu anasafiri. Nikalichukua hilo. Nikamwandikisha na mama yangu, Bi Somoe Issa, aliyekuwa akiishi kwao Msimbati, kule mto Ruvuma unakoingia baharini. Fomu nikaijaza yote: magoti mabovu, ana sukari, chakula kisiwe na chumvi.

Sasa sikilizeni. Mama alikuwa ameshanikabidhi nauli ya umra, ya korosho zake mwenyewe. Ningeweza kumkatia tiketi wiki ile ile. Sikumkatia. Nilitaka pointi zifike mahali pa kumhamishia kwenye viti vya mbele, vile vipana, magoti yake yasiteseke. Ilibaki safari moja tu ya kikazi zitimie. Safari ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Mama akiniuliza, namjibu bado kidogo. Na nisiwadanganye, nilikuwa nafurahia mwenyewe kuitazama ile namba kwenye simu ikipanda. Masika yakaingia, mama akaugua siku nne, akafariki. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nauli ilikuwapo muda wote. Ndugu zangu walijua tu kwamba haikujaliwa.

Ndiyo maana nikaenda kumfanyia umra ya badali, yaani ninaifanya mimi kwa niaba ya marehemu. Yangu nilishaifanya zamani, kwa hiyo inafaa. Lakini mbele ya Mungu nasema, sikwenda kwa ajili ya thawabu peke yake. Nilitaka kujua kama mama yangu amekufa akiwa radhi nami.

Msimbati, kuaga

Nilianzia kwa mama mkubwa, Bi Fatu, dada yake mama, ambaye sasa anakaa peke yake katika ile nyumba waliyokuwa wakikaa wawili. Ulikuwa msimu wa kipupwe. Asubuhi ukungu ulikuwa umetanda kwenye mdomo wa mto, mikoko huioni, unasikia maji tu yakitoka kwenye matope. Mama mkubwa alikuwa amenichemshia ming'oko ya njiani, ile mizizi ya porini tunayokula kwa chumvi na pilipili, akaifunga kwenye mfuko.

"Kwanza twende ukamchukue," akaniambia.

"Nikamchukue nani, mama mkubwa?"

"Mwenye safari. Au umra unakwenda kufanya ya nani?"

Tukaenda makaburini. Kaburi la mama liko upande wa mikoko, mchanga wake mweupe, na ukungu ulikuwa umelala chini kabisa kiasi kwamba vibao vya makaburi vilikuwa vinaonekana nusu. Mama mkubwa akaniambia nisome dua, halafu nimwite mama kwa jina lake lote, nimwambie twende, kisha niondoke bila kugeuka. Jambo hili sijaliona kwa mtu mwingine yeyote, wala shehe sijamuuliza. Nilifanya kwa sababu mama mkubwa ukimbishia anakununia mwezi mzima.

"Somoe binti Issa," nikasema, sauti yangu ikanitia aibu. "Mama, twende."

Nikaondoka. Mama mkubwa alikuwa mbele yangu, hatua kumi hivi, nilimwona mgongo wake. Na nyuma yangu mchanga ukawa unalia, taratibu, kama unakanyagwa na mtu anayevuta mguu. Mnaijua mikoko, imejaa kaa, na asubuhi kaa wanatembea. Nilijiambia ni kaa. Sikugeuka lakini, nikaongeza hatua.

Mtwara hadi Dar es Salaam

Ndege ya saa nne asubuhi ilifika saa nane mchana. Walisema ukungu, kisha wakasema hitilafu, kisha hawakusema kitu. Pale kwenye kiwanja chetu mnapajua, ukishamaliza kutazama watu huna la kufanya tena. Kundi letu la umra, wanawake tisa na kiongozi wao, lilikuwa linaondoka Dar jioni hiyo hiyo, na nilianza kuona kwamba wataniacha.

Tiketi yangu ilikuwa moja mpaka Jidda. Kaunta alikaa dada mmoja wa Magomeni ya hapa kwetu anaitwa Rehema, tumesoma shule moja, yeye nyuma yangu madarasa matatu. Akaniuliza kama nina namba ya uanachama. Nikampa ya mama.

Msinicheke. Nilifikiri hivi: safari si yangu, ni ya mama. Nia ya mama, nauli ya mama, umra itaandikwa ya mama. Sasa pointi ziwe zangu kwa lipi? Niliona kuchukua pointi zile ni kama kumwibia mara ya pili.

Rehema akaandika, mashine ikakataa.

"Dada Asha, hii namba ina jina la Somoe."

"Ndiyo. Safari ni yake huyo. Mimi mbebaji tu."

"Kumbe mnakwenda na mama! Mbona husemi?" Akatazama nyuma yangu, kwenye mabenchi, akatabasamu. "Basi tulia, nitamwekea kila kitu."

Nilitaka kumweleza, lakini mzee mmoja mwenye boksi la samaki wakavu alikuwa ananisukuma na boksi lake, na samaki wale walikuwa na harufu ya kumfukuza mtu. Nikachukua kadi yangu nikaondoka. Nilidhani Rehema ameelewa. Mtu wa Magomeni, Mwislamu, umra ya badali ataacha kuielewa?

Dar tukatua jioni. Ndege ya kundi langu ilikuwa imeshaita abiria wake, mlango umefungwa. Na nje ya mlango wa abiria wanaounganisha safari alisimama kijana wa shirika na kiti cha magurudumu. Juu ya kiti ameweka karatasi: SOMOE ISSA.

Nilisimama pale nikapigwa na bumbuwazi. Tangu tumzike sijaliona jina lile limeandikwa popote isipokuwa kwenye kibao cha kaburi.

"Ni mama yangu," nikamwambia. "Lakini hayupo."

"Bado yuko ndani ya ndege?"

"Amefariki."

Akanitazama, akaitazama karatasi, akasoma simu yake. "Mama, hapa imeandikwa amepanda Mtwara."

Nikajieleza mwenyewe jambo lenye akili. Nilijaza magoti mabovu kwenye fomu, mashine imesoma magoti mabovu, imeagiza kiti. Basi. Nikamwambia kijana akirudishe. Akasema hawezi, ameandikiwa afike nacho mpaka mlango wa nje, asipofika nacho ataulizwa. Akawa anakisukuma kitupu pembeni yangu, ukumbi mzima, watu wanatupisha njia. Nimewahi kuona haya maishani, lakini siku ile niliona haya na hofu pamoja.

Wakanipangia ndege nyingine kesho yake mchana, ya shirika lile lile. Sikulala vizuri, na sina la kuwasimulia kuhusu hoteli ile ila chai yao ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Dar hadi mji wa kubadilishia ndege

Nilikaa kiti cha dirishani. Cha katikati hakikuwa na mtu. Ndege ilikuwa imejaa, watu wamebanana, na cha pembeni yangu kitupu. Mhudumu alipita mara mbili, mara ya tatu akaufunga mkanda wa kile kiti juu ya hewa. Nikamuuliza. Akasema kwa upole kwamba mikanda ya viti vitupu hufungwa isije ikamwumiza mtu. Sawa. Halafu akakitandikia blanketi. Hilo sikumuuliza, niliogopa jibu.

Chakula kikaja. Wenzangu walipata wali wa nyama. Mimi nikaletewa trei yenye kibandiko kilichoandikwa SOMOE: mboga za kuchemsha, samaki wa kuchemsha, mkate mkavu, hakuna chumvi hata ya dawa. Nikamwita mhudumu, nikamwambia nataka wali. Akasema samahani, wali umekwisha, chakula changu ndicho hicho nilichoagiza.

Jamani, mama yangu nilimgombeza sana juu ya chumvi. Kila nikienda Msimbati naficha kopo lake. Ananiambia, "Mwanangu, hiki chakula onja wewe kwanza, halafu ndiyo unigombeze." Sikuwahi kuonja. Siku ile juu ya mawingu nilikula trei nzima, mpaka mkate. Ni kibaya. Nililia nikiwa natafuna, na jirani wa upande wa njia akajifanya anasoma.

Katika ule mji wa kubadilishia ndege, kiti kilikuwa kinanisubiri tena na karatasi yake. Msukumaji safari hii alikuwa mtu mzima, mwembamba, Kiingereza chake cha kuokoteza na changu mnakijua. Nilimwambia hakuna mtu. Akaitikia kwa kichwa, "Yes, yes, mama," akakigeuza kiti kwa uangalifu, akakanyaga breki, akasubiri kidogo, kisha akaiachia. Ndivyo wanavyofanya mtu akishakaa. Nilimwona.

Pale ndipo ming'oko yangu ilipotuletea balaa. Kwenye mashine ya ukaguzi ofisa mwanamke alisimamisha mkanda, akaita mwenzake, wakaita wa tatu. Wananionyesha picha kwenye kioo: mfuko, na ndani yake vitu vyembamba virefu, vimelala pamoja, vina viungo viungo. Hata mimi nilishtuka. Vilikuwa kama vidole.

"What is it?" wananiuliza. "Bone?"

"Food," nikasema. "Root. From forest. My mother," na hapo maneno yakaniishia. Walitazama kiti kitupu, wakanitazama mimi. Nikatoa mng'oko mmoja, nikaumenya, nikaula mbele yao. Ofisa mdogo akacheka akaomba kuonja. Akaonja, akacheka tena, wakaniachia. Mtwara tumejulikana siku ile.

Kutoka hapo mpaka mlango wetu ipo njia ya mteremko na kupanda. Kwenye kupanda yule msukumaji akaanza kuhema. Akainama, akasukuma kwa kifua. Kiti kitupu, ndugu zangu, hata mtoto wa chekechea anakisukuma. Alipofika juu akafuta jasho, akaniambia kitu kwa lugha yake, akaonyesha kiti, akapandisha mabega. Labda breki ilikuwa imeshika nusu. Sikuinama kuangalia. Nilitembea mbele yake, na kuanzia hapo sikutaka kukitazama kile kiti.

Jidda na Makka

Nahodha akatangaza kwamba tunakaribia mikati, mahali pa kutia nia. Nikatia nia kwa jina la mama. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Nilikuwa nimezoea kidogo, unajua binadamu anazoea kila kitu.

Jidda kiti kilikuwapo. Mzee aliyekuwa nacho hakuniuliza lolote, na mimi sikusema lolote. Akatusindikiza mpaka nje, kwenye gari la kiongozi wetu aliyekuja kunichukua. Alipotoa mkono kuaga alitoa mara mbili, kwangu na kwenye kiti. Huenda alikuwa anakirekebisha. Kiongozi wetu hakuona, alikuwa anagombana na dereva.

Makka hakikutokea kitu. Najua mlitaka niwaambie kwamba nilimwona mama kwenye tawafu, au nilisikia sauti. Sikuona, sikusikia. Nilizunguka, nikasai, ule mwendo wa vilima viwili, nikakata ncha ya nywele, umra ya mama ikakamilika. Kisha nilikaa mbali na kundi, nikamwambia yote. Nikamwambia nauli ulinipa, nilikaa nayo, nilitaka kiti kipana, nilitaka na kuitazama ile namba. Nikamwomba radhi. Watu walikuwa wengi, wanalia kila lugha. Nikasubiri nihisi chochote moyoni, hata kidogo. Moyo ukawa mtupu tu. Nikarudi kwenye chumba na wenzangu, tukala kuku.

Kurudi

Siku ya kurudi, Jidda, nilifika mapema, peke yangu maana wenzangu walirudi na ndege nyingine, na nitawaambia ukweli wa ajabu: nilikuwa nakitafuta kile kiti. Kaunta, hakipo. Ukaguzi, hakipo. Mlangoni vilikuwapo viti sita na karatasi sita, nikazisoma moja moja. Hakuna Somoe.

Ningefurahi. Badala yake nikazisoma tena, kuanzia mwisho. Nilikumbuka Msimbati nilimwita kwa jina lake lote nikamwambia twende. Hapa sikumwita. Niliamka, nikafunga begi, nikaondoka. Mama yangu, ambaye hajawahi kuvuka hata Dar, magoti mabovu, hajui Kiarabu isipokuwa cha kuswalia, nimemleta mpaka kule nikamwacha.

Najua si maneno ya mtu mzima. Mimi ninapima korosho, napasua, naandika nilichokiona. Lakini walipoita abiria sikuinuka. Wakaita mara ya pili. Wakaita jina langu. Nikasimama katikati ya ukumbi ule, mchana kweupe, nikasema kwa sauti, "Somoe binti Issa! Mama, turudi!"

Mama mmoja wa Kisudani alinishika mkono, akadhani nimepotelewa na mzee. Akaanza kuangaza huku na huku pamoja nami, maskini, anatafuta mtu asiyemjua. Kisha akaniuliza kwa ishara, mfupi au mrefu? Nikamwonyesha kwa mkono, mfupi. Na hapo nikaangua kilio cha kweli, cha msibani, nilichokizuia tangu siku ya kuzika kwa sababu nilikuwa na siri. Akanipeleka mpaka mlango wa ndege kanishika hivyo hivyo. Tulifika Dar bila trei ya SOMOE, bila blanketi. Pembeni yangu alikaa kijana mnene aliyekoroma njia nzima.

Mtwara nikamkuta Rehema kaunta. Nikamwendea na hasira zangu zote.

"Wewe, ile namba ya mama uliifanyaje? Nimeandamwa na kiti dunia nzima!"

"Si nilimwagizia mimi! Niliagiza cha kwenda tu, cha kurudi huagizwa kule kule. Hamkuagiza? Mama katembeaje?"

"Rehema, mama alifariki masika."

Akacheka kidogo, akaacha. "Dada Asha, acha utani. Siku ile nilimwona. Alikaa kwenye benchi karibu na begi lako, kavua viatu kaviweka pembeni. Ndiyo nikasema huyu hawezi kupanda ngazi."

Mabenchi yale yalikuwa na watu wengi siku ile, ndege ilichelewa kwa muda wa saa nne. Na wazee wengi wakikaa huvua viatu. Nilimwambia Rehema hivyo, na yeye akakubali upesi sana, akasema ndiyo, watakuwa walikuwa wengi. Lakini alipoandika kwenye mashine vidole vyake vilikosea kosea.

Msimbati tena

Sikupita hata nyumbani. Nilikodi gari moja kwa moja mpaka Msimbati, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Makka hakunijibu mtu. Aliyebaki duniani wa kumwambia ni mama mkubwa, na nilijua nikimwambia anaweza kunifukuza.

Maji yalikuwa yamekupwa. Kutoka barazani kwake ukitazama mdomo wa mto ni matope matupu, yanang'aa, hakuna mtu, hakuna ndege, kimya kile kinachokufanya useme kwa sauti ya chini. Nikampa shikamoo, nikampa maji ya zamzam na tende. Akaipokea zamzam kwa mikono miwili, akainywa akiwa ameelekea kibla. Akanitengea muhogo na kisamvu. Sikuugusa.

"Mama mkubwa, nina neno."

"Sema."

Nikasema. Nauli nilikuwa nayo tangu msimu wa korosho. Tiketi zilikuwapo. Nilimsubirisha kwa ajili ya pointi, mpaka akafa. Nilipomaliza nilikuwa nimeinamisha kichwa, nahesabu nyuzi za mkeka.

Akaufunika muhogo wangu. Kisha akasema, "Alijua."

"Alijua nini?"

"Alimuuliza mwalimu wa madrasa aliyerudi umra. Akaambiwa ndege zipo kila siku, ni kuwa na nauli tu. Akarudi hapa, akakaa hapo ulipokaa. Alikasirika, Asha. Sikufichi. Siku tatu hakula sawasawa, na jina lako hakulitaja. Siku ya nne akaniambia, mtoto ananitafutia kiti cha magoti, mjinga wangu yule. Nimemsamehe, nimemwachia radhi zangu zote. Lakini usimwambie. Mwache aje aseme mwenyewe. Asiposema, usimwambie kabisa."

Nikainua kichwa, nikamtazama.

"Miezi sita nimekaa na maneno haya," mama mkubwa akasema, na sauti yake sasa ilikuwa inakwaruza. "Kila ukija, nasema leo atasema. Unakuja, unanipa sukari, unaondoka. Niliogopa nitakufa nayo, na wewe ubaki hujui. Ulinichosha, mwanangu. Ulinichosha sana."

Nikamshika miguu. Nikalia pale kwenye miguu yake, naye akanipiga piga mgongoni, si kwa upole sana, kama anayekung'uta mkeka. Kisha akasema, na hakubadilisha sauti hata kidogo, "Pasi yangu ya kusafiria imo sandukuni. Tulipiga picha siku moja, mimi na yeye. Na mimi ulikuwa unanisubirisha, ila hukujua."

Kweli sikujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama mkubwa kama anataka kwenda mahali popote.

Niliwasha simu pale pale barazani. Mtandao wa Msimbati mnaujua, nilisimama juu ya kiti, nikahamia kwenye ngazi, nikahamia kwenye kona ya choo. Ukurasa wa tiketi ukafunguka. Ukauliza namba ya uanachama, nikaruka. Ukanionya kwamba nitapoteza pointi, ukaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Kwa hiyo mnaoniuliza mjiunge na shirika lipi, jiungeni na lolote mtakalo, mimi sina ushauri. Ila kama kuna mtu nyumbani anasubiri, mkatieni kwanza.

Nikarudi barazani nikamwambia mama mkubwa tayari, nimeshakata.

"Lini?" akauliza.

"Jumatatu, si ya wiki ijayo, ya ile inayofuata. Zimebaki siku kumi na mbili."

Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Akaniambia nile muhogo wangu usipoe, akainuka, akaingia ndani kutafuta begi.